Xeon ya mtumba au Ryzen 5 5600?
Ndugu, umeuliza kama prosesa ya seva ya Intel, Xeon E5-2680 v4 ya mtumba, itaipiga Ryzen 5 5600 ya AMD kwa kuwa ina kore (vitengo vya kuchakata kazi) 14 na mwenzake 6. Kwa gemu na kuhariri picha, chukua Ryzen bila kusita. Hiyo Xeon ni ya 2016, na kore yake moja ikijikaza kabisa inafika GHz 3.3; Ryzen inagonga 4.4, tena katika kila mzunguko inamaliza kazi nyingi zaidi. Gemu nyingi hazijui kuzitumia kore zote 14, nyingine zinabaki zinapiga soga tu.

Xeon inapendeza ukiwa na mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta moja) kadhaa kwa mpigo, au ukiiachia Blender, programu ya 3D, irende (itengeneze picha za mwisho) usiku kucha. RAM zake za ECC (zinazojirekebisha makosa) za mtumba pia huwa rahisi. Ila usiangalie bei ya prosesa peke yake: piga hesabu ya madabodi ya X99 inayoibeba Xeon hiyo, maana madabodi ikifa kupata nyingine ni kazi. Halafu Xeon ni wati 120 kwa 65 za Ryzen, LUKU itakwambia. Na zote mbili hazina grafiki ya ndani, kwa hiyo tenga hela ya kadi ya grafiki.