Wasomaji wanauliza: Ekseli nzima mbele ya Anglia

Swali: Mzee wetu wa safu ya magari, pokea salamu kutoka South B. Nina Ford Anglia 105E ya mwaka 1964 niliyoachiwa na marehemu baba yangu mkubwa. Injini ni ile ile ya 997cc na bati halijaliwa sana na kutu. Nimeona picha za magari ya mashindano ya Marekani ya miaka ya sitini, yameinua pua juu, na chini yake ekseli moja nzima imeshika magurudumu yote mawili ya mbele. Natamani langu lifanane nayo. Fundi wangu wa Kariobangi Light Industries anasema ni kazi ya wiki moja: tutoe kilichopo, tuchomelee springi bapa mbili, tufunge ekseli ya lori dogo, basi. Je, nimruhusu?

Jibu: Ndugu yangu, kwa mpango huo nakuomba usimruhusu. Ekseli yenyewe ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii; uzito uko mahali itakaposhikiliwa na namna usukani utakavyoifikia, na katika maneno ya fundi wako sijaona hata moja kuhusu mambo hayo mawili.

Tuanze na gari ulilo nalo. Anglia 105E, iliyoundwa kuanzia 1959 hadi 1968, haina chesisi ya vyuma virefu kama Land Rover au lori. Mwili wake wa bati ndio chesisi. Kila gurudumu la mbele lina nguzo yake ya MacPherson, yaani springi ya koili na shoki vikiwa kitu kimoja, na uzito wa pua hupitia kwenye nguzo hiyo hadi kwenye bati lililoimarishwa chini ya boneti, pale zilipo boliti zinazozunguka kichwa cha nguzo. Springi bapa haitumii njia hiyo. Yenyewe husukuma mwili wa gari kwenye ncha zake mbili, moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, na katika Anglia sehemu hizo mbili ni bati lililokunjwa tu, ambalo waliolichora hawakulikusudia mzigo wa namna hiyo. Ukichomelea kishikio hapo kitakaa siku ya kwanza, na pengine mwezi wa kwanza. Niliwahi kuitwa nitazame pikapu ndogo iliyofanyiwa hivyo katika karakana moja ya hapa Nairobi. Nilipopitisha kidole kando ya weldi nilihisi ukingo mkali kama wa mkebe uliofunguliwa kwa kisu. Bati lilikuwa limepasuka urefu wa kidole gumba chini ya rangi nyeusi iliyong'aa, na mwenye gari alikuwa ametoka nalo Naivasha asubuhi hiyo akiwa na watoto wawili ndani.

Magari uliyoyaona pichani, ambayo Wamarekani huyaita gasser kwa sababu yalishindana katika madaraja ya petroli ya kawaida ya NHRA, chama cha mashindano ya magari ya kasi cha Marekani, mengi yalianza na chesisi halisi. Willys ya 1941, ambayo timu ya Stone, Woods na Cook iliipatia sifa, ilitoka kiwandani ikiwa tayari na ekseli nzima mbele. Pua iliinuliwa ili gari linapoondoka uzito uegemee magurudumu ya nyuma na matairi yaume lami, kwa kuwa matairi ya wakati ule yaliteleza sana. Yalikimbia robo maili ya barabara iliyonyooka, isiyo na matuta wala kona wala matatu inayokuingilia bila ishara. Ninakueleza haya ili ujue kwamba unachokipenda kilitengenezwa kwa kazi nyingine, na kukileta Mombasa Road kunahitaji uangalifu ambao hata wao hawakuuhitaji.

Ikiwa bado moyo wako uko hapo, basi kazi ianze na chesisi. Fundi atengeneze reli mbili za bomba la pembe nne, milimita 75 kwa 50, unene wa milimita 3, zitoke kwenye pua hadi chini ya viti vya mbele, ziunganishwe na sakafu na kingo za milango kwa mabamba mapana, kisha zifungwe pamoja kwa chuma cha kukingama mbele na kingine nyuma ya injini. Zile sehemu za juu zinazoshika nguzo za MacPherson zisikatwe. Anglia nzima kama yako zinazidi kuadimika, na siku moja wewe au mwanao mtataka kulirudisha gari lilivyokuwa.

Ekseli ya lori dogo siipendi hata kidogo. Ile ya Isuzu ya mizigo ni pana mno, na ni nzito mno kwa gari ambalo lote kwa jumla halifiki kilo 800. Chuma kizito kisichobebwa na springi hupiga barabara kama nyundo, na gari jepesi hurushwa nacho. Fundi atakwambia ataikata katikati aifupishe. Mkatalie. Boriti hiyo imefuliwa, na kiungo cha weldi katikati yake kingekuwa ndicho kitu pekee kinachozuia magurudumu yako yasiachane. Tafuta ekseli ya Ford Popular ya 1953 hadi 1959, ambayo upana wake uko karibu sana na wa gari lako. Jihadhari tu kwamba Popular ilitumia breki za fito, si za mafuta, hivyo utahitaji mabamba ya breki na ngoma zinazooana na masta silinda yako, yaani pampu ya mafuta ya breki.

Sasa mlalo wa kingipini, ile pini ambayo gurudumu huizunguka unapokata usukani; huo ndio husahaulika kuliko yote. Kichwa cha kingipini lazima kiegemee nyuma, digrii 5 hadi 7 kwa gari la namna hii, ili usukani urudi wenyewe katikati baada ya kona. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, Anglia ina takriban milimita 2,300. Ukiinua pua kwa milimita 100, gari lote linalala nyuma kwa digrii mbili na nusu, na kingipini nayo inalala pamoja nalo. Fundi aliyepima digrii 6 mwili ukiwa sawa juu ya stendi atajikuta na digrii 8 na nusu barabarani, na utaugeuza usukani kwa mikono miwili kila unapoegesha. Vipimo vyote vichukuliwe injini ikiwa ndani, matairi yale utakayotumia yakiwa chini, na gari likiwa limesimama kwa kimo chake cha mwisho. Ndipo vishikio vya springi vichomelewe kabisa.

Kuhusu usukani, vifaa vingi vinavyouzwa Marekani kwa kazi hii vimetengenezewa gari lenye usukani kushoto. Ukiigeuza boksi ya usukani juu chini ili ikae upande wetu wa kulia, utakata kulia na magurudumu yataelekea kushoto. Tafuta boksi ya gari lenye usukani wa kulia tangu kiwandani. Fimbo inayotoka kwenye boksi hiyo kuvuka hadi gurudumu la upande wa pili iwe ndefu kadiri inavyowezekana, na iwe karibu kulala sawa na ekseli gari linapotulia, maana ikiwa na mteremko, kila tuta litageuza magurudumu bila wewe kugusa kitu. Kabla hujalipa, fanya jaribio hili mbele ya fundi: funga usukani kwa kamba usicheze, inua ekseli kwa jeki milimita 50, kisha ishushe kiasi hicho hicho, huku umepiga magoti mbele ya gari ukitazama matairi. Yakigeuka kwa kiasi cha kuonekana kwa macho, kazi haijaisha.

Mipira ya breki ipimwe ekseli ikining'inia na usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho pande zote mbili. Baada ya hapo peleka gari kwenye ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, pale Likoni Road, na uijulishe kampuni yako ya bima kwa maandishi kabla hujalitoa barabarani.

Swali: Mimi nina Land Rover Series III, ambayo ekseli nzima mbele ni ya kuzaliwa. Nikifika kilomita 70 kwa saa kwenye Thika Road na kukanyaga kiungo cha daraja, usukani unatetemeka hadi nipunguze mwendo karibu kusimama. Nimeshabadilisha matairi. (Msomaji, Kasarani)

Jibu: Pole sana, na tafadhali usiiendeshe kwa mwendo huo hadi tatizo lipatikane. Inua gurudumu moja kwa jeki, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, mwombe mtu akanyage breki huku unaendelea kutikisa. Mchezo ukiisha, kosa ni la beringi za gurudumu. Ukibaki, ni pini za juu na chini za lile tufe kubwa la chuma lililo nyuma ya gurudumu, ambazo gurudumu huzizunguka linapokata kona. Katika Series III pini ya juu inazunguka ndani ya bushi inayolika, na ukazaji wake hurekebishwa kwa vibati vyembamba vilivyo chini ya bamba la pini hiyo: ukitoa kimoja, inakaza. Pini iliyolegea haina ukinzani wowote, kwa hiyo gurudumu likishtuliwa mara moja huendelea kucheza lenyewe. Kagua pia viungo vya fimbo za usukani na bushi za springi, kwa mpangilio huo. Ukishauriwa ufunge shoki ya usukani kwanza, kataa, kwa sababu itaficha mtetemo huku pini zikiendelea kulika.

Swali: Nimeinua Land Cruiser FJ40 kwa sheko ndefu mbele, vile vyuma vinavyounganisha ncha ya springi na chesisi, na sasa haishiki njia. Naambiwa niweke kabari chini ya springi. Ni salama? (Msomaji, Embakasi)

Jibu: Sheko zako ziko mbele ya ekseli, hivyo ulipozirefusha ulisukuma vichwa vya kingipini kuelekea mbele na kupunguza ule mlalo nilioueleza hapo juu. Kabari inaweza kuurudisha, mradi iwe ya chuma wala si alumini, na ishikwe na boliti ya katikati ya springi. Lakini ekseli yako ni ya kuvuta, yaani injini huyazungusha magurudumu yake: kila digrii unayoirudishia kingipini inashusha pua ya difu (boksi la gia katikati ya ekseli) kiasi hicho hicho, na msalaba wa propela, kiungo cha ule mhimili unaoleta nguvu kwenye difu, unaanza kufanya kazi kwa pembe mbaya. Zaidi ya digrii 3 au 4 nisingethubutu. Rudisha sheko za awali, kisha upeleke springi zikakunjwe upya au ununue mpya zenye kimo unachotaka.