Pedi isiyo na waya ya kompyuta: tazama stiki na kipokezi, taa baadaye

Anayetafuta pedi ya kuchezea gemu kwenye kompyuta siku hizi ana bahati. Kampuni za China kama 8BitDo, GameSir, GuliKit na Flydigi zinatengeneza pedi zisizo na waya ambazo kwa mambo kadhaa ya msingi zinazizidi zile za Microsoft na Sony, tena kwa bei nafuu. Kwa hiyo wadau wanaoniuliza kama wajibane mpaka wapate hela ya pedi ya Xbox, jibu langu ni hapana. Shida ni kwamba soko hilohilo limejaa takataka zinazowaka taa za rangi saba, na maboksi yote yanajisifu kwa maneno yaleyale. Ukienda Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi bila kujua unachotafuta, utauziwa taa.

Mimi naanza na stiki, vile vijiti viwili unavyosukuma kwa vidole gumba, kwa sababu pedi nyingi hufa kwa stiki kabla ya kitu kingine chochote. Ndani ya stiki ya kawaida kuna potenshiomita: kichuma kidogo kinachosugua juu ya utepe wa kaboni kila unaposogeza kidole. Ukicheza mpira kila jioni, kichuma kinasugua maelfu ya mara, utepe unalika, vumbi lake linabaki humohumo ndani. Siku moja unaachia stiki na mchezaji wako anaendelea kutembea kushoto, au menyu inapanda juu yenyewe. Ndiyo tunasema stiki inavuta. Fundi akiipulizia dawa ya kusafishia saketi inatulia kwa muda, halafu inarudia, kwa sababu utepe uliolika haurudi. Kubadilisha stiki kunataka kufungua pedi na kulehemu pini nyingi ndogo, na si kila fundi wa simu anaiweza kazi hiyo bila kuharibu bodi.

Dawa yake ipo na si ngeni. Stiki za Hall zinatumia sumaku na sensa inayopima nguvu ya sumaku hiyo, hivyo katika upimaji hakuna kitu kinachosuguana na kingine. Edwin Hall aligundua kanuni yenyewe mwaka 1879, na kampuni ya Sega waliitumia kwenye pedi ya mashine yao ya gemu, Dreamcast, mwaka 1998. Kilichobadilika ni bei: sasa unazikuta kwenye pedi za dola 30, wakati pedi ya kawaida ya Xbox na DualSense ya PS5 bado zinatumia potenshiomita. Kuna aina mpya zaidi, TMR, nayo ya sumaku, ila inakula umeme kidogo. Ukikuta Hall au TMR, vyote viwili ni vizuri, usipoteze usingizi kuchagua kati yao. Usitegemee tu kwamba stiki ya sumaku haitachoka milele. Springi yake bado ni springi, na kipimo cha katikati kinaweza kuhama. Tofauti ni kwamba kipimo kikihama, unakirekebisha kwa kubonyeza vitufe kadhaa kama kitabu cha maelekezo kinavyosema, au kwa programu ya kampuni kwenye kompyuta.

La pili ni namna pedi inavyozungumza na kompyuta. "Haina waya" ni neno pana. Kuna Bluetooth, na kuna kipokezi, kile kidude kidogo cha USB kinachokuja ndani ya boksi, kinachotumia mawimbi ya GHz 2.4. Kwa kompyuta, chagua yenye kipokezi. Bluetooth ni nzuri kwenye simu, lakini kwenye kompyuta inategemea kifaa kilichomo humo ndani, na kompyuta nyingi za mezani hazina kabisa. Iliyo nayo mara nyingi inaigawana na spika au vipokea sauti vya masikioni, na hapo ndipo shuti unalopiga linachelewa kutoka. Tena zipo pedi ambazo Bluetooth yake imekusudiwa simu za Android, na kwenye Windows zinategemea kipokezi tu. Soma boksi vizuri.

Boksi litakuambia pia Hz 1000, kwa herufi kubwa. Maana yake pedi inatuma taarifa mara 1000 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 1. Pedi ya Hz 125 inatuma kila baada ya milisekunde 8. Sasa linganisha na skrini ya kawaida ya Hz 60, ambayo inabadilisha picha kila baada ya milisekunde 16 na ushee. Hz 1000 ni jambo jema, lakini kama bajeti ni ndogo na inabidi uchague kati ya namba hiyo na stiki za sumaku, chukua stiki.

Kipokezi nacho kina adui ambaye watu wengi hawamjui: tundu la USB 3.0, lile ambalo mara nyingi ni la bluu. Intel walitoa andiko mwaka 2012 wakieleza kwamba vifaa vya USB 3.0 vinapopitisha data hutoa kelele katika mawimbi yaleyale ya GHz 2.4. Ukichomeka kipokezi jirani na diski ya nje inayohamisha mafaili, pedi inaanza kukatakata: mchezaji anasimama, kisha anaruka mbele. Nimeona pedi nzima kabisa zikirudishwa dukani kwa sababu hiyo. Kabla hujailaumu pedi, hamisha kipokezi kwenye tundu la kawaida la upande mwingine. Kama kompyuta ni ya mezani na boksi lake la chuma liko chini ya meza, tafuta waya mfupi wa kurefusha USB, ukiweke kipokezi juu ya meza kikuone. Waya huo ni bei ya soda chache na unamaliza ugomvi.

Sasa Windows yenyewe. Gemu nyingi za kompyuta zinaitambua pedi kupitia XInput, mfumo wa Microsoft uliokuja na enzi za Xbox 360. Pedi ikiwa kwenye modi ya XInput, unachomeka kipokezi na gemu inaiona kama pedi ya Xbox, huhitaji kusakinisha kitu. Lakini pedi nyingi zina modi kadhaa, na ukiwasha kwa kitufe kisicho sahihi inaamka kwenye modi ya Switch, ile mashine ya gemu ya Nintendo. Hapo mambo yanaharibika kimyakimya. Pedi za Nintendo Switch hazina R2 na L2 (vile vitufe vya nyuma vya vidole vya shahada) zinazopima kiasi cha kubonyeza, zinajua kubonyezwa na kutobonyezwa tu. Ukiingia Euro Truck Simulator 2 kwenye modi hiyo, lori lako linajua mambo mawili: kusimama, au kukanyagwa mafuta mpaka mwisho. Watu wanadhani R2 imekufa, wanakwenda kwa fundi. Zima pedi, iwashe tena kwenye modi ya X, imekwisha. Upande wa pili, XInput haibebi taarifa za kuinamisha pedi, kwa hiyo kama unapenda kulenga kwa kuzungusha mikono, hakikisha kwanza kwamba Steam, ile programu ya kununulia na kuchezea gemu kwenye kompyuta, inaitambua pedi hiyo kwa jina lake.

Kuhusu zile pedi za PS4 zinazouzwa bei ya kutupa, zenye kila alama ya Sony: nyingi ni feki, na ushauri wangu ni kuziacha. Hata ile orijino ya DualShock 4 kwenye Windows mara nyingi inataka uipitishe Steam au programu kama DS4Windows ili gemu ziielewe, na gemu nyingi bado zitakuonyesha vitufe vya A, B, X na Y wakati mkononi una pembetatu na duara. Pedi feki inakupa usumbufu huohuo wote, na stiki zake ni za bei rahisi kuliko zote.

Jambo ninalolisisitiza kuliko mengine yote ni kupima kabla ya kulipa. Beba laptopu yako. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hakatai, na anayekataa amekwisha kukujibu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, fungua sifa za pedi. Utaona alama ya msalaba ndani ya mraba. Zungusha stiki taratibu kwenye ukingo wake, kisha iachie ghafla. Msalaba urudi katikati na utulie. Fanya hivyo kwa kuvuta pande zote nne, maana stiki mbovu huweza kurudi vizuri ikitoka kulia na kukwama kidogo ikitoka juu. Usishtuke ukibonyeza R2 na L2 pamoja na kuona mstari haujasogea. Dirisha hilo linazihesabu zote mbili kwenye mhimili mmoja, moja inaongeza na nyingine inapunguza. Ukitaka kuziona kila moja peke yake, fungua tovuti yoyote ya kupimia pedi kwenye kivinjari, zinakupa namba kuanzia 0 hadi 1.

Kwenye tovuti hizo watu huangalia namba ya stiki iliyotulia, wakiona 0.00 wanafurahi. Mimi naangalia kinachofuata. Sukuma stiki kidogo sana, kama mtu anayelenga taratibu. Kama namba haibadiliki mpaka stiki imefika mbali, basi hiyo sifuri safi imetokana na eneo kubwa la katikati ambalo pedi imeamua kulipuuza, na utalihisi kila unapotaka kusogeza kidogo. Afadhali pedi inayotulia kwenye 0.02 na kuanza kusogea mapema, kwa sababu hiyo 0.02 utaizima mwenyewe kwenye setingi za gemu au Steam. Eneo lililofungiwa ndani ya pedi huliondoi ila kampuni ikupe programu ya kulirekebisha.

Chaji haina mengi. Pedi nyingi zina betri ya ndani na tundu la USB-C, na nyingi zinachezeka huku zimechomekwa kwenye laptopu, jambo zuri umeme ukikatika. Ila ukikuta mpya haiingizi chaji kwa waya wenye USB-C pande zote mbili, jaribu waya wenye kichwa cha USB cha kawaida upande mmoja. Vifaa vingi vya bei rahisi vinakubali huo tu. Na kitabu kikisema volti 5, fuata hivyo, achana na chaja ya haraka ya simu.

Kwa majina, kama ningenunua leo kwa hela ndogo ningechukua 8BitDo Ultimate 2C ya kipokezi. Ilipotoka mwaka 2024 bei yake ilikuwa dola 29.99, kama nusu ya pedi ya Xbox kule Marekani, na ina sumaku kwenye stiki na kwenye R2 na L2. GameSir Nova Lite iko jirani nayo kwa bei, nayo stiki zake ni za Hall. Mwenye uwezo zaidi atazame GameSir Cyclone 2 au 8BitDo Ultimate 2, zote za TMR. Hiyo Ultimate 2 inakuja na kituo cha kuchajia ambacho kinahifadhi kipokezi ndani yake, na kwa nyumba yenye watoto hilo lina thamani kubwa, kwani kipokezi kikipotea kupata kingine kinachoendana na pedi yako ni kazi. Ukinunua mbili za kuchezea eFootball na jamaa, weka alama kwenye kila pedi na kipokezi chake siku hiyohiyo unapofungua maboksi.