Skima ipi ya kuning'iniza nyuma ya tangi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina tangi la maji ya chumvi la lita 120, lenye samaki wadogo wanne na matumbawe laini machache. Chini ya tangi hakuna nafasi ya kuweka tangi la pili la kuchujia, kwa hiyo nataka skima, yaani kifaa cha kutoa uchafu majini kwa povu, ya kuning'iniza nyuma. Zimebaki mbili za kuchagua. Ya kwanza ni nyembamba, pampu yake inazama ndani ya tangi, na boksi linasema inatosha lita 400. Ya pili ni nene, pampu iko nje, inachota maji ya juu kabisa, na boksi linasema lita 300. Juu ya maji yangu kuna utando wa mafuta usiokwisha. Nichukue ipi? Na nikishaifunga, naweza kuacha kubadilisha maji?
Mfugaji mpya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Chukua ya pili, mradi nyuma ya tangi inaenea. Pima kwanza nafasi kati ya kioo na ukuta, kisha unene wa ukingo wa tangi, maana wengi hununua halafu ndoano ikakataa kuingia.

Hizo lita za kwenye boksi zisikusumbue. Hakuna kipimo kimoja kinachofuatwa na watengenezaji wote. Kila mmoja anakadiria anavyoona yeye. Mimi naanza kutazama maji yanachotwa wapi. Mabaki ya chakula, ute wa samaki na mafuta yake hupenda kujishika pale maji yanapokutana na hewa, ndiyo maana viputo vikipanda ndani ya skima hubeba uchafu huo hadi kwenye kikombe cha kuukusanyia kilicho juu yake. Sasa katika tangi lako, maji na hewa hukutana wapi? Juu. Huo utando unaokukera ndio hasa mzigo ambao skima inautafuta, na pampu iliyozama katikati ya tangi inaupita chini kwa chini.

Wembamba peke yake si kasoro. Skima iitwayo AquaC Remora ni nyembamba, na badala ya gurudumu la pini la kukatakata hewa, pampu yake husukuma maji kwa nguvu kupitia tundu dogo yakashuka na hewa, na viputo vyake ni vizuri. Ina pia kisanduku cha kuchotea maji ya juu, kinachoongezwa pembeni. Kama hiyo ya kwanza yako ina kisanduku cha namna hiyo, basi zinakaribiana, na nitakuambia uchague ile ambayo kikombe chake kinatoka kwa mkono mmoja. Shingo ya skima ikishika utelezi, povu halipandi vizuri. Unatakiwa kuifuta kila baada ya siku chache, na kikombe kigumu kutoa hakifutwi.

Jambo ambalo boksi halitakuambia ni kina cha maji. Tangi lisilo na tangi la pili hushuka lenyewe kadiri maji yanavyopotea hewani, na skima iliyoning'inia ukingoni inahisi hata upungufu wa kidole kimoja: povu linashuka shingoni, kikombe kinakaa kikavu, na inayochota juu inaanza kunguruma kwa kumeza hewa. Hapo usiguse marekebisho yake. Ongeza maji yasiyo na chumvi, kidogo kidogo, kila siku. Ukiyamwaga yote kwa mkupuo baada ya siku nyingi, kina kinapanda ghafla na kikombe kinajaa maji meupe. Hayo ni maji ya chumvi yanayotoka tangini, na ukifidia kwa maji yasiyo na chumvi, chumvi inapungua bila wewe kujua. Nakusihi sana katika hili, kwa sababu matumbawe ndiyo yanayoumia. Kifaa cha boya kinachoongeza maji chenyewe kitakusaidia kuliko skima kubwa zaidi.

Ikiwa mpya itatapika viputo tangini kwa siku kadhaa, pengine wiki moja au mbili. Iache. Ikikaa sawa, rekebisha hadi kikombe kipate maji ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Usiingize mkono wenye losheni, povu litalala kwa saa nyingi. Tundu la hewa nalo huziba kwa chumvi iliyoganda. Lisuuze kwa maji ya uvuguvugu.

Kubadilisha maji usiache. Skima hutoa uchafu kabla haujaoza, lakini naitreti, yaani mabaki ya uchafu uliokwisha kuoza, iliyokwisha kuwamo haiiondoi, wala hairudishi madini ya kalisi ambayo matumbawe yameitumia.