Kampuni Ikikutuma Kwenye Mradi wa Programu Huria

Karibu kila kampuni utakayoajiriwa itakuwa na programu huria (ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha) iliyofanyiwa marekebisho ya ndani. Mtu alibadilisha mistari kadhaa ya msimbo miaka miwili iliyopita, kisha akahama idara. Uliza mapema: je, tuliyarudisha marekebisho hayo kwenye mradi mama, yaani ule unaotengeneza programu yenyewe?

Mimi nilirithi marekebisho ya aina hiyo. Kila toleo jipya lilipotoka nilitumia siku tatu kuyapachika upya. Nilipochoka niliyatuma yote kwa mkupuo, mistari zaidi ya 2,000, na maelezo ya sentensi moja. Wiki tatu kimya. Kisha mtunzaji wa mradi, yaani anayekagua na kupokea mabadiliko, akajibu kwamba hakuna anayeweza kukagua mzigo ule. Alisema kweli, na kazi hiyo alikuwa akiifanya usiku, bila malipo, baada ya ajira yake.

Niliyagawa yakawa viraka 11, yaani vifurushi vidogo vya mabadiliko ya msimbo, kila kimoja na jambo lake, na kila kimoja kikianza kwa kueleza tatizo kabla ya suluhisho. Cha kwanza kilikuwa mistari minne tu ya kusahihisha hesabu ya urefu wa bafa (sehemu ya kumbukumbu inayoshika data kwa muda). Kesho yake kikapokelewa. Cha mwisho kilichukua miezi minne, na kilichoingia hakikufanana sana na nilichoandika. Kilikuwa bora kuliko changu.

Hata wakubwa yamewakuta. Mwaka 2010, katika toleo la 2.6.33 la kiini cha Linux (sehemu kuu ya mfumo endeshi), viendeshi vya Android viliondolewa kwa sababu havikuwa na mtu wa kuvitunza ndani ya mradi. Msimbo wa Android ulianza kurudi katika toleo la 3.3, mwaka 2012. Kwa hiyo peleka wazo lako likiwa bado bichi. Mkishaamua kila kitu kwenye mkutano wa ofisini, jumuiya inabaki na kazi ya kukubali au kukataa tu, na mara nyingi itakataa.

Kabla ya kutuma, pata ruhusa ya mwajiri kwa maandishi. Msimbo ulioandika kazini huenda ni mali yake. Kwenye kiini cha Linux, tangu 2004, kiraka hubeba mstari wa Signed-off-by wenye jina lako, nao ni kiapo kwamba una haki ya kukitoa. Usiuandike kwa mazoea.

Tarehe ya mwisho aliyokupa meneja wako haimhusu mtunzaji. Hili naliomba kwa moyo wote: usimsukume mtu aliyechoka. Katika mradi wa xz, programu huria ya kubana data, mtunzaji aliyeelemewa alishinikizwa hadharani aongeze msaidizi, na msaidizi huyo ndiye aliyekuja kupenyeza mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za wengine, uliogunduliwa Machi 2024. Aliyeugundua, Andres Freund, wakati huo alikuwa mwajiriwa wa Microsoft na msanidi wa PostgreSQL, mfumo huria wa hifadhidata. Aliona kuingia kwa ssh (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia mpaka mwisho. Huyo ndiye mfanyakazi wa kampuni ambaye jumuiya inamhitaji.

Ukitaka viraka vyako visomwe haraka, soma vya wenzako. Vijaribu kwenye mashine yako, andika ulichokiona, hata kama ni kwamba vimefanya kazi. Na siku kampuni itakapokuhamishia mradi mwingine, waandikie watunzaji wiki moja kabla, uwaambie nani atajibu maswali kuhusu msimbo uliouacha.