Jibu la msomaji: Nyie ndio wa daftari?

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza hivi: mtu anayelipwa kuwahudumia wachezaji wa gemu, akapiga nao soga, akawauliza habari za nyumbani, akawatakia heri siku zao za kuzaliwa, je, ni rafiki yao au yuko kazini tu? Mfano mlioutoa ni Larry Hryb wa Microsoft, ambaye wachezaji wa Xbox, mashine ya gemu ya kampuni hiyo, walimzoea kwa jina la Major Nelson, na jinsi walivyomuaga Julai 2023 alipotangaza kuwa anaondoka baada ya miaka 20. Nimelisoma swali kwenye daladala, nikalisoma tena nyumbani, na nimeona nisilale kabla sijajibu.

Jibu langu ni ndiyo, ni rafiki, na anayebisha hajawahi kukaa kwenye banda la gemu kuanzia saa nane mchana mpaka umeme unakatika. Mimi nimekaa. Lilikuwa Tandika, Dar es Salaam, karibu na soko, chumba cha bati chenye TV tatu za chogo, mashine tatu za gemu za PlayStation 2, mabenchi mawili na feni iliyokuwa ikipuliza upande mmoja. Mwaka 2013. Mwanzoni mwa mwaka ule Sony walikuwa wameshaacha kuitengeneza PlayStation 2, baada ya kuuza zaidi ya milioni 150. Habari hizo hazikutufikia, na hata zingetufikia zisingebadili kitu, maana foleni ya kusubiri pedi ya kuchezea ilikuwa ikitoka nje hadi kwenye meza ya mama wa maandazi. Mechi moja shilingi 200. Ukifungwa unaachia pedi.

Aliyekuwa akituchezesha tulimwita Kocha. Alijua nani amerudishwa nyumbani kwa ada, nani kagombana na baba yake, nani ana mtihani kesho na hatakiwi kuonekana pale. Nilipofeli Hesabu kidato cha nne, wa kwanza kuniambia nikarudie alikuwa yeye. Alisema huku anachomeka waya nyuma ya TV, bila kunitazama, na nilimshukuru kimoyomoyo kwa kutonitazama.

Tulikuwa tunacheza PES 2013, gemu la mpira wa miguu. Konami walioitengeneza hawakuwa na leseni za klabu nyingi za Uingereza, kwa hiyo zilikuja na majina ya kubuni, na Kocha alikesha akizirekebisha moja moja: Arsenal iitwe Arsenal, Chelsea iitwe Chelsea. Alipomaliza akatutengenezea na sisi timu yetu. Wateja wa kila siku, kumi na mmoja na wa akiba, kila mtu na jina lake mgongoni, na urefu wake, na upara wake kama anao. Vyote hivyo vilikaa kwenye memori kadi ya megabaiti 8, ambayo aliivaa shingoni kwa kamba ya kiatu asije mtu akaondoka nayo. Mimi nilikuwa namba 3, beki wa kushoto, kwa sababu natumia mguu wa kushoto, na sikumbuki kama niliwahi kumwambia jambo hilo.

Wiki iliyopita msomaji mwenzangu aliandika kwenye ukurasa huu kwamba mhudumu akikuchekea ujue anakuuzia. Aje anieleze, hapo Kocha alikuwa akiniuzia nini?

Sasa nieleze habari ya msiba, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Siku moja ya Jumamosi tulikuta banda lina kufuli. Mama wa maandazi akatuambia Kocha kafiwa na mama yake alfajiri, kaondoka kwenda kwao, huko barabara ya Kilwa, mbele ya Vikindu. Tulikuwa tisa. Hakuna aliyesema turudi nyumbani. Kinyozi wa jirani akatoa bahasha, tukachangishana palepale kwenye benchi lake, ikapatikana shilingi 38,500. Juu ya bahasha kijana wa duka la dawa, mwenye mwandiko mzuri, akaandika: Kocha, pole sana, ni sisi wa banda. Tukapanda gari la Mbagala Rangi Tatu, pale tukaunganisha.

Tuliposhuka tukawauliza vijana wa bodaboda msiba uko wapi. Wakauliza upi, maana leo ipo miwili. Wa mama yake Kocha, tukasema. Kocha gani? Tukatazamana. Mrefu, mweusi, ana mwanya, anafanya kazi mjini. Jina lake nani?

Mhariri, tulikuwa tisa, na mtu huyu alikuwa amekaa na sisi kila siku kwa zaidi ya mwaka, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na jina lake.

Tukapelekwa kwenye msiba wa kwanza. Tukavua viatu, tukakaa mkekani, tukasoma Fatiha pamoja na watu, tukaletewa maji. Tulikaa karibu nusu saa tukimtafuta Kocha kwa macho kati ya wanaume waliokuwa chini ya turubai, hadi mzee mmoja aliyekaa kando yangu akasema marehemu alikuwa mtu mwema, aliwafundisha madrasa watoto wote wa pale. Nikauliza taratibu, marehemu ni mzee? Akasema ndiyo, mzee wetu wa miaka 80. Tukaaga, tukatoka. Nilivyojisikia nikivaa viatu mlangoni kwa wale watu, mpaka leo sijapata neno lake.

Msiba wa pili ulikuwa ng'ambo ya barabara, ndani kidogo, nyuma ya mikorosho. Walikuwa wameshazika. Mlangoni palikuwa na meza ndogo, na mtu mzima kavaa kanzu akiandika ubani kwenye daftari. Tukamwamkia, shikamoo, poleni na msiba, tukampa bahasha. Akaisoma juu, akaigeuza, akauliza aandike imetoka kwa nani. Kinyozi akasema aandike wachezaji. Wa mpira? Hapana mzee, wa gemu, kule Tandika.

Akainua kichwa. "Nyie ndio wa daftari?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayekutana na watu aliowasikia siku nyingi. Alikuwa kaka yake mkubwa. Akatutazama mmoja mmoja, akaninyooshea kalamu: "Wewe ndiye wa Arsenal, unayerudia mtihani?" Nikasema ndiye mimi. Akatikisa kichwa. Akasema mama alikuwa akitujua wote kwa majina. Kila Kocha alipokwenda kumtazama, jioni alimsimulia habari za banda, nani kamfunga nani, nani kalia. Na mama naye alikuwa na swali lake moja. Alikuwa akiuliza: "Hao wa daftari, wameshalipa?"

Nieleze, kwa asiyejua banda linavyoendeshwa. Kocha hakuwa na mshahara. Vyombo vilikuwa vya tajiri, na kila usiku Kocha alimpelekea hesabu, shilingi 15,000, sawa na dereva wa bodaboda na mwenye pikipiki yake. Mechi 75 ni za tajiri. Kuanzia ya 76 ndiyo anakula yeye. Mechi ya mkopo tajiri haitambui. Ukisema "Kocha niandikie, nitalipa kesho," umemkopa Kocha mfukoni mwake, na hesabu ikipungua anajazia yeye. Hilo hatukulijua kwa sababu hatukuwahi kuuliza. Tulidhani tunamkopa mwenye banda, mtu ambaye hatukuwahi hata kumwona, na kumkopa mtu usiyemwona hakuumi.

Kaka yake hakutulaumu. Alisema tu kwamba mwezi uliopita, mama alipozidiwa, mdogo wake alituma pesa kidogo, akasema ngojeni, vijana watalipa mwisho wa mwezi. Kisha akaandika kwenye daftari lake: wachezaji wa gemu, Tandika, 38,500. Akatukaribisha ndani.

Kocha alikuwa amekaa mkekani, na mtoto wa kike wa miaka kama minne amelala kwenye paja lake. Hata kuwa ana mtoto hatukujua. Watu walikuwa wakimwita kwa jina ambalo nililisikia siku ile kwa mara ya kwanza. Sitaliandika hapa, sijamwomba ruhusa. Alipotuona hakusema kitu kwa muda, akatushika mikono wote tisa, halafu akawageukia ndugu zake akaanza kututambulisha, kila mmoja kwa jina lake kamili. Majina yote mawili, mengine matatu. Aliponifikia akasema huyu ni beki wangu wa kushoto, anarudia Hesabu, mwaka huu anatoka. Na mwisho akasema: "Hawa ni watu wangu."

Jumatatu tulifungua daftari lenyewe, lile la madeni ya banda, tukajumlisha. Shilingi 46,200. Mechi 231. Langu mimi lilikuwa 3,400, mechi 17. Maana yake ni kwamba tulikwenda kumpa mkono wa pole kwa pesa iliyokuwa pungufu ya pesa yake mwenyewe tuliyokuwa tumeikalia. Saba tulilipa wiki ile. Wawili hawakulipa, na mmoja wao nasali naye mpaka leo.

Sasa naona nimeandika kurasa nzima na swali lenu sijaligusa. Mliuliza kama yeye ni rafiki yetu. Mimi tangu nianze kuandika swali linalonirudia ni kama sisi tulikuwa rafiki zake, na katika hilo siwezi tena kusema ndiyo kwa sauti niliyoanza nayo.

Najua mtasema banda la Tandika si Microsoft. Ni kweli. Hryb alikuwa na mshahara, na wachezaji wake walilijua jina lake la kazi na la kuzaliwa. Satoru Iwata alipokuwa rais wa Nintendo, kampuni ya gemu ya Japani, alisimama San Francisco mwaka 2005 akasema moyoni mwake yeye ni mchezaji, na alipofariki Julai 2015, akiwa na miaka 55, walimlilia watu ambao hawakuwahi kumshika mkono. Urafiki wa namna hiyo siubezi. Lakini hata wenye mshahara hulipia. Julai 2018 kampuni ya ArenaNet iliwafukuza kazi waandishi wake wawili wa gemu la Guild Wars 2, baada ya majibizano na mchezaji huko Twitter. Sitaki kuamua hapa nani alianza wala nani alikosa adabu. Ninachokiona ni kwamba siku soga ilipochacha, mchezaji aliendelea kuwa mchezaji na mfanyakazi akakosa kazi. Mchezaji haweki kitu mezani. Mwenzake ameweka ugali wake.

Kwa hiyo, kama ni lazima niandike ndiyo au hapana, naandika hapana. Hakuwa rafiki yetu, kwa maana hatukumwachia nafasi ya kuwa. Alikuwa anatujua nasi tunamfurahia, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Nalisema hili nikijua kwamba yeye mwenyewe, mkimuuliza, atanikatalia. Yeye alisema watu wangu, mbele ya mama yake aliyezikwa saa ile ile, na sina haki ya kumsahihisha. Labda basi jibu linategemea anaulizwa nani. Na labda nawaonea wale tisa, kwa kuwa tulikwenda, na hakuna aliyetulazimisha.

Niongeze jambo moja, maana sitaki kudanganya. Baada ya msiba banda halikuwa lile lile. Kila mtu alilipa kwanza ndipo akashika pedi, na kwa wiki kadhaa hakuna aliyethubutu kumtania Kocha. Tulimheshimu, na yeye ile heshima ilimchosha. Mwishowe ndiye aliyeivunja: alituita tukae, akachomeka memori kadi, akasema timu yetu haina kipa wa akiba, nani anamjua kipa? Kinyozi akasema tukuweke wewe. Akauliza mtaniandikaje. Tukaandika jina lake la kweli, herufi kwa herufi, yeye akitusahihisha, maana mmoja wetu alikuwa ameliweka na "r" badala ya "l".

Banda lilifungwa mwaka 2016. Kwenye simu yangu bado ni Kocha Gemu. Mwezi uliopita yule binti yake alikuwa anaanza shule ya bweni, akanipigia, mara yake ya kwanza kuniomba kitu tangu tufahamiane. Nikamtumia kwa M-Pesa. Ujumbe wa kuthibitisha ukaja na majina yake matatu, kwa herufi kubwa, nikausoma mara mbili.

Msomaji wenu,
Beki wa kushoto, Dar es Salaam