Kwa wadogo zangu mnaoanza zamu kliniki ya afya ya akili

Wadogo zangu, kila kundi la intani na wauguzi wapya linalofika kwetu hapa Mtwara humweleza mgonjwa wa sonona kwamba serotonini yake, kemikali inayopitisha ujumbe kati ya neva za ubongo, imepungua na vidonge vitaijaza, kisha humpangia kurudi baada ya mwezi. Bidii yenu naipenda, lakini maelezo hayo ndiyo yanayotupotezea wagonjwa.

Kwanza, hakuna kipimo cha maabara kitakachowaonyesha serotonini iliyomo kwenye ubongo wa mgonjwa. Dhana ya upungufu ilikua tangu miaka ya 1950, madaktari walipoona iproniazidi, dawa ya kifua kikuu inayozuia serotonini isivunjwe, ikiwachangamsha wagonjwa. Mapitio mapana ya tafiti yaliyotoka mwaka 2022 hayakupata ushahidi thabiti wa kuiunga mkono. Dawa zenyewe zinawasaidia wengi. Fluoksetini, mojawapo ya dawa hizo, huzuia serotonini isirudi ndani ya neva iliyoitoa, na kazi hiyo huanza ndani ya saa chache, ila nafuu huchukua wiki kadhaa, kwa sababu inaelekea ubongo hulazimika kwanza kurekebisha vipokezi, yaani sehemu zinazoipokea serotonini, na miunganiko ya neva zake.

Pili, mwambieni mgonjwa habari ya wiki hizo. Msimu mmoja wa korosho aliletwa mama kutoka upande wa Newala, hali chakula wala hapati usingizi, dada yake ndiye anayemsemea. Kijana wa zamu alimwandikia fluoksetini miligramu 20, akamhakikishia kwamba atapona, akaita faili lililofuata. Siku za mwanzo mama yule alipata kichefuchefu na wasiwasi, ambavyo dawa hiyo huweza kuvileta kabla ya nafuu, na kwa kuwa hakuna aliyewatahadharisha, nyumbani wakaamua kwamba hospitali imemzidishia ugonjwa, wakaviweka vidonge kando. Aliporudi alikuwa amekonda sana na anazungumzia kufa. Iliniuma, maana hakuna mkulima wa huku anayepuliza salfa, dawa ya mikorosho, leo akategemea kuokota korosho kesho, na dada mtu angetuelewa mara moja kama tungemweleza hivyo. Safari ya pili tulimweleza, tukamkabidhi yeye vidonge avitunze, tukawataka warudi baada ya wiki moja, na muuguzi akawa anawapigia simu katikati. Usingizi ulitangulia kurudi, kisha hamu ya kula, na maneno yakaja mwisho.

Tatu, kabla ya kuandika cheti ulizeni kama amewahi kupitisha siku kadhaa bila usingizi huku ana nguvu na furaha iliyopitiliza, kwani dawa ya sonona inaweza kumrusha huko tena. Ulizeni kuhusu pombe za uraka na gongo, na kuhusu tramadoli, dawa ya maumivu isiyofaa kuchanganywa na fluoksetini.

Nne, ulizeni waziwazi kuhusu kujiua. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo. Anayewaza kufa msimpe amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, ya mwezi mzima, kwa sababu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo na kuua. Mpeni ya siku chache, naye aliyepona aendelee na dawa kwa miezi 9 hadi 12, kisha apunguziwe taratibu mkimwona.