Kuku Akimeza Kitu Chenye Ncha, Usikimbilie Kukitoa

Kuku hatafuni. Akiona kitu kinang'aa ardhini anakidonoa, anatupa kichwa nyuma, na kimeshapita kabla hujafumbua mdomo kumfukuza. Mtetea wangu alimeza kipande cha waya wa uzio namwona, kirefu kama ukucha wa kidole gumba, kisha akaendelea kuparura kama kawaida. Ushauri nilioanza kumiminiwa hapo ulikuwa wa hatari kuliko waya wenyewe.

Wa kwanza: mshike miguu, mning'inize kichwa chini, umtikise. Wa pili: mnyweshe mafuta ya kula ili kiteleze. Yote mawili achana nayo. Mfungue kuku mdomo uangalie vizuri: tundu la kupitishia hewa liko palepale nyuma ya ulimi, wazi kabisa. Ukimgeuza chini, maji na chakula kilichomo tumboni hurudi na kuingia kwenye tundu hilo. Ukimmiminia mafuta kwa nguvu, ni hivyohivyo. Kuku aliyepaliwa namna hiyo anaweza kufa hapohapo, au kuugua mapafu baadaye, huku waya ungali ndani.

Kitu kimoja tu ndicho unachoweza kufanya kwa mkono: ukimfungua mdomo ukakiona kitu mbele kabisa, hakijachoma popote, kitoe taratibu kwa kibano. Ikiwa ni sindano yenye uzi na uzi unaning'inia, usiuvute hata kidogo. Mara nyingi uzi huwa umejizungusha kwenye ulimi, na sindano imeelekeza ncha kwenye nyama, ukivuta unaizamisha. Mfunge kuku kwenye boksi, mpeleke kwa daktari na uzi wake. Vilevile kuku anayenyoosha shingo, anayepumua mdomo wazi au kukoroma hana muda wa kusubiri uchunguzi wako wa nyumbani.

Kama anapumua vizuri na anatembea, swali kubwa ni kitu kimefika wapi. Chakula cha kuku hutua kwanza kwenye gole, ule mfuko ulio chini ya shingo, mbele ya kifua. Kutoka hapo kinapita kwenye tumbo dogo lenye majimaji ya kusaga, kisha kinaingia kwenye firigisi. Gole ni laini na linanyumbuka, na kitu kilichobaki humo daktari anaweza kukitoa kwa kupasua kidogo na kushona, au wakati mwingine kwa kukifuata kupitia mdomoni. Firigisi ni habari nyingine. Ni msuli mnene unaobana na kusaga kwa changarawe kutwa nzima, na nguvu hiyohiyo inayovunja punje za mahindi ndiyo inayoweza kusukuma msumari utoboe upande wa pili. Ila pia ndiyo inayolainisha vipande vidogo vya kioo hadi vikaisha makali, kwa hiyo usimwandikie kuku wako hukumu ya kifo siku hiyohiyo.

Usiliminye gole kutafuta waya. Najua mkono unawasha. Kuligusa kwa ncha za vidole kunatosha, na saa nzuri ni alfajiri kabla hajala chochote. Gole la kuku mzima huwa limejaa jioni na tupu asubuhi. Likiwa bado limejaa alfajiri, gumu au la majimaji yenye harufu ya kuchacha, chakula hakishuki na daktari anatakiwa kujua.

Mtetea wangu nilimtenga kwenye boksi kubwa, mahali pa joto na pakavu, akiwa na maji na chakula chake cha kila siku. Chini nilitandika karatasi nyeupe badala ya maranda. Hilo ningemshauri kila mtu, maana kwenye maranda huoni kitu. Kinyesi cha kawaida kimeshikana, na kina kofia nyeupe juu. Mara mojamoja kinakuja kimoja cha kahawia, cha kunata, chenye harufu kali, nacho ni cha kawaida pia, usishtuke. Cha kukushtua ni damu, au kijani kibichi cha majimaji kisichokoma. Kila cha kwake nilikivunja kwa kijiti. Si kazi ya kujisifia mezani, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Mpime uzito kila asubuhi kwa mizani ya jikoni. Kuku ni hodari wa kuficha ugonjwa, mizani haifichi. Joto la mwili halitakusaidia sana, kwa kuwa kuku mzima ana nyuzijoto 41 hadi 42 na mkononi mwako siku zote atahisi kama ana homa. Tazama mkao: mgongo umejikunja, mkia umeinama, manyoya yamejitutumua, macho yanafumba mchana, upanga wa kichwani umepauka au umekuwa wa zambarau. Dalili hizo zikitokea baada ya kumeza kitu chenye ncha, huenda kimetoboa na uchafu wa tumbo umevuja ndani. Hapo hakuna dawa ya nyumbani.

Kwangu sikungoja dalili, nilimpeleka akapigwe eksirei, na bado naona ndiyo pesa bora niliyotumia. Chuma huonekana waziwazi. Plastiki na mti kwa kawaida havionekani, kwa hiyo mweleze daktari alichomeza, na kama una kipande kinachofanana nacho, kibebe. Picha ilionyesha waya katikati ya firigisi, umezungukwa na vitone vyeupe vya changarawe. Daktari alichagua kusubiri, kwa sababu upasuaji wa firigisi ni mgumu na kuku alikuwa anakula. Picha ya marudio ilionyesha waya umeliwa, umebaki kidogo.

Unaweza kufurahi ukasahau la pili: umeliwa ukaenda wapi? Waya wa uzio na baadhi ya misumari hupakwa zinki, na asidi ya tumbo huiyeyusha. Kuku anaweza kupona ncha akaugua sumu: analegea, anaharisha kijani, anapungua uzito. Kipande cha madini ya risasi, kama vile vizito vya ndoano za samaki, ni kibaya zaidi. Omba apimwe damu. Kuna dawa zinazonasa madini hayo na kuyatoa mwilini, ila hizo hutolewa na daktari kwa kipimo.

Mayai ya kipindi hicho usile wala usimpe jirani. Risasi huingia kwenye kiini, na dawa nyingi nazo hubaki kwenye yai. Muulize daktari siku za kungoja uziandike. Kabla ya kumrudisha bandani, pitisha sumaku iliyofungwa kwenye fimbo chini ya uzio wote, hasa palipowahi kupigwa nyundo. Kisha waachie chombo cha changarawe safi. Kuku asiye na changarawe huokota chochote kigumu anachokutana nacho.